Benedict Arnold: jenerali aliyetaka kuuza ngome kwa barua

Kule Marekani, ukimwita mtu Benedict Arnold, hujamtaja jina, umemtukana. Hata mtoto wa shule anajua maana yake: mtu aliyewageuka wenzake. Lakini huyo Arnold, mbele ya kuitwa msaliti, alikuwa mmoja wa makomanda hodari kabisa wa jeshi la George Washington, na mguu wake wa kushoto uliumizwa vitani mara mbili juu ya nchi ileile ambayo alikuja kuiuza. Namna gani mtu wa aina hiyo akafika pale?

Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya barua. Vita ya uhuru wa Marekani, kutoka 1775 mpaka 1783, ilipiganwa kwa bunduki na mizinga, lakini iliongozwa kwa kalamu. Hakukuwa na simu, hakukuwa na redio ya kambi. Jenerali aliyetaka viatu vya askari aliandika barua. Aliyetaka mshahara aliandika barua. Aliyeona cheo chake kimepewa mwingine aliandika barua ndefu, na mpanda farasi akabeba lile karatasi siku nyingi katika mvua na matope. Wakubwa wa jeshi walikuwa wanaandikiana karibu kila siku, na wengi waliyaweka makaratasi yao. Njo maana leo mtu anaweza kufuata maisha ya Arnold hatua kwa hatua, mpaka siku yenyewe alipoanza kuandika kwa namba badala ya maneno.

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1741 katika mji wa Norwich, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa heshima, lakini kisha kupoteza watoto akaingia katika pombe, mali ikaisha, na jina la nyumba likaanguka mbele ya watu wote. Kijana Benedict alitolewa shuleni, akapelekwa kujifunza kazi ya kuuza dawa kwa ndugu wa upande wa mama. Alipokuwa mkubwa akafungua duka lake la dawa na vitabu katika mji wa New Haven, kisha akanunua mashua za biashara, akawa anasafiri mpaka visiwa vya Karibi na Kanada. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nguvu, mwenye kiburi, asiyesahau tusi hata kidogo. Umaskini wa baba yake ulimfuata kama kivuli. Franga ilipoingia, aliitumia yote, na kisha akatumia ile ambayo haijaingia.

Vita ilipoanza Aprili 1775, Arnold hakungojea kuitwa. Mwezi wa Mei alikuwa tayari katika shambulio la ngome ya Ticonderoga, yeye pamoja na Ethan Allen, na hapohapo wawili hao wakaanza kugombania nani ndiye komanda. Mwezi wa Juni bibi yake wa kwanza, Margaret, akafariki kule nyumbani wakati yeye akiwa mbali kwenye vita. Akamwachia watoto watatu wa kiume, ambao dada yake Hannah alibaki kuwalea.

Septemba ya mwaka ule Washington akamtuma kazi ngumu kabisa: kupita katika pori la Maine na askari karibu 1.100 ili kushambulia Quebec, mji mkubwa wa Waingereza kule Kanada. Ramani zilikuwa za uongo, mashua zilivuja, chakula kikaharibika. Askari walikula mbwa, wakachemsha ngozi za viatu. Kikosi kizima kilikata tamaa na kurudi nyuma. Waliofika kwenye mto Saint Lawrence mwezi wa Novemba walikuwa karibu 600 tu. Usiku wa mwisho wa mwaka, katika tufani ya theluji, wakashambulia. Jenerali Richard Montgomery akauawa, Arnold akapigwa risasi katika mguu wa kushoto, na shambulio likashindwa. Lakini barua zake kutoka kule porini, akieleza taabu bila kulialia, zilimpa jina. Washington alimwandikia kwa sifa nyingi, na kutoka pale akamhesabu kuwa mtu wa kutegemewa.

Mwaka wa 1776 Arnold alijenga kikosi cha mashua juu ya ziwa Champlain, na mwezi wa Oktoba akapigana na Waingereza karibu na kisiwa cha Valcour. Alipoteza karibu mashua zote. Hata vile, Waingereza walipoteza wakati. Baridi ikakaribia, wakarudi Kanada. Kushindwa kwake kuliokoa mwaka mzima.

Sasa tufike kwenye jambo la vyeo, maana hapo ndipo moyo wake ulipoanza kuoza.

Februari 1777, Bunge la Congress lilichagua jenerali-majoro wapya watano. Wote watano walihesabiwa kuwa chini ya Arnold kwa ukubwa. Yeye hakutajwa. Sababu moja ilikuwa hesabu ya majimbo: Connecticut ilikwisha kuwa na jenerali-majoro wawili, na kila jimbo lilitaka fungu lake kwa kadiri ya askari waliotoa. (Katika nchi nyingi watu wanaifahamu hesabu ya namna hiyo bila kuelezwa.) Washington alishangaa. Alimwandikia Arnold kumuuliza kama kweli jina lake limerukwa ao kuna kosa, akamwomba asifanye jambo lolote la haraka, akamwahidi kwamba yeye mwenyewe ataongea na wakubwa. Arnold akajibu kwa adabu, lakini alisema wazi kwamba anaona hiyo ni njia ya kumwambia aache kazi.

Mwezi wa Aprili, Waingereza walipochoma mji wa Danbury, Arnold akakimbilia vitani bila kuagizwa na mtu, na farasi wake akaanguka chini yake kwa masasi. Kisha hapo Congress ikampa cheo cha jenerali-majoro, lakini haikumrudishia ukubwa wake: wale watano walibaki juu yake. Pia kulikuwa na jambo la pesa. Alikuwa ametumia mali yake katika safari ya Kanada, makaratasi mengi ya hesabu yalipotea njiani, na watu wa Congress walikuwa wanataka makaratasi. Mwezi wa Julai akaandika barua ya kuacha kazi. Karibu wakati uleule ikaja barua nyingine, ya Washington kwa Congress: Waingereza wanashuka kutoka Kanada chini ya Jenerali John Burgoyne, na jeshi la kaskazini linamhitaji mtu kama Arnold. Akakunja barua yake, akaenda.

Kule Saratoga alimkuta Jenerali Horatio Gates kuwa komanda. Gates alikuwa mtu wa kungojea ndani ya ngome. Arnold alitaka kutoka na kupiga. Vita ya kwanza ilikuwa tarehe 19 Septemba 1777, na askari wa upande wa Arnold ndio waliopigana. Gates alipoandika habari kwa Congress, jina la Arnold halikuwamo. Wawili hao walikuwa katika kambi moja, hema si mbali na hema, lakini wakaanza kuandikiana barua za hasira kama watu wanaokaa nchi mbili. Arnold alihesabu makosa yote aliyotendewa. Gates akamjibu kwa baridi na kumpa ruhusa ya kwenda zake Philadelphia. Maofisa wengine wakamwomba abaki. Akabaki bila kikosi cha kuongoza.

Tarehe 7 Oktoba, masasi yalipoanza kulia, hakuweza kukaa. Akapanda farasi bila amri, akaingia vitani, akawavuta askari nyuma yake mpaka ndani ya boma la Wajerumani waliokuwa wanapigania Waingereza. Hapo risasi ikauvunja mguu ule ule wa kushoto, na farasi akamwangukia. Siku kumi nyuma yake, Burgoyne akasalimisha jeshi lake lote. Ushindi huo ndio uliovuta Ufaransa kuingia vitani upande wa Wamarekani mwaka wa 1778. Gates akatengenezewa medali ya dhahabu. Arnold alilala miezi hospitalini kule Albany akikataa mguu wake ukatwe. Ulipopona, ulikuwa mfupi kuliko ule mwingine. Congress ikamrudishia ukubwa wa cheo chake mwishoni mwa mwaka, na Washington akamtumia barua ya kumpongeza. Ilikuja kama chakula kinachofika wakati mgonjwa hana tena njaa.

Mtu akisimama hapo katika hadithi, atamhurumia Arnold, na atakuwa na haki. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Lakini kuna mambo ya mwaka uliofuata ambayo ni magumu kuyatetea.

Juni 1778 Waingereza waliondoka Philadelphia, na Washington, kwa kuwa Arnold hakuweza kupanda farasi vizuri, akamweka kuwa komanda wa mji. Pale Arnold akaishi kama mwana wa mfalme: gari la farasi, karamu, watumishi, nyumba kubwa. Mshahara wake haukutosha hata kidogo, na ulikuwa unachelewa. Akaingia katika biashara za chinichini kwa kutumia nafasi yake. Alitoa karatasi ya ruhusa kwa meli moja, kisha akanunua fungu katika mizigo yake; akatumia magari ya serikali kubeba mali ya watu binafsi. Wakubwa wa jimbo la Pennsylvania, wakiongozwa na Joseph Reed, wakamshitaki waziwazi mwezi wa Februari 1779 na kutangaza mashitaka nane gazetini.

Aprili ya mwaka ule akaoa Peggy Shippen, binti wa jamaa tajiri ya mji. Peggy alikuwa na miaka 18, yeye 38. Wakati Waingereza walipokuwa wanashika Philadelphia, Peggy alifahamiana na ofisa mmoja kijana wa Kiingereza, mzuri wa uso, mchoraji, mwenye kujua Kifaransa: John André. Sasa André alikuwa New York, karibu na komanda mkuu wa Waingereza, Jenerali Henry Clinton, na kazi yake ilikuwa kupokea habari za siri.

Tazama sasa tarehe. Tarehe 5 Mei 1779, Arnold alimwandikia Washington barua yenye kuumiza moyo: alimsihi amhukumu haraka, na kama ana kosa, basi auawe, alikumbusha damu yake, mali yake, mguu wake, alisema hakutazamia nchi imlipe kwa kukosa shukrani. Siku zilezile alimwita mwuza vyombo vya udongo wa mji, Joseph Stansbury, akamtuma kwa siri New York kuwaambia Waingereza kwamba yuko tayari. Jibu la André liliandikwa tarehe 10 Mei. Kwa hiyo kalamu ileile iliyomwomba Washington haki ilikuwa imeanza kutafuta bei kwa adui ndani ya juma moja.

Watu wengi wanasema Arnold aligeuka juu mahakama ya kijeshi ilimwaibisha. Hesabu ya miezi inakataa. Mahakama ilitoa hukumu Januari 1780: ikamwachilia katika mashitaka mengine, ikamkuta na kosa dogo la ile karatasi ya meli na yale magari. Adhabu ilikuwa karipio tu, na Washington alilitoa mwezi wa Aprili kwa maneno ya upole. Wakati huo Arnold alikuwa amekwisha kuandikiana na Waingereza karibu mwaka mzima.

Namna walivyoandikiana inafaa kuelezwa. Kila upande ulikuwa na kitabu kimoja cha aina ileile. Kwanza kitabu kikubwa cha sheria za Uingereza cha Blackstone, kisha kamusi ya Bailey. Neno moja likawa namba tatu: ukurasa, mstari, na nafasi ya neno katika mstari. Barua nzima ikawa safu za namba. Mara nyingine waliandika kwa wino usioonekana katikati ya mistari ya barua ya kawaida. Alama ndogo juu ya karatasi ilimwambia msomaji kama inafaa kuipasha moto ao kuipaka dawa. André alijiita John Anderson, mfanyabiashara. Arnold alijiita Monk, jina la jenerali wa Kiingereza wa zamani aliyegeuka na kumrudisha mfalme katika kiti. Baadaye akajiita Gustavus. Na walipoandika bila namba, waliongea kama wachuuzi: bidhaa, soko, faida, mwenzi wa biashara. Lugha ile haikuwa kificho tu. Ilikuwa biashara kweli.

Maana wakati wote huo walikuwa wanabishana bei. Arnold alitaka pauni 10.000 za uhakika hata kama mpango ukiharibika. Clinton hakutaka kulipa mtu juu ya maneno. Alitaka kitu cha kushika mkononi. Mwishoni mwa 1779 mazungumzo yakakauka, kisha yakaanza tena mwaka wa 1780. Mwezi wa Juni Arnold aliwajulisha kwamba jeshi la Ufaransa liko karibu kushuka Rhode Island. Mwezi wa Julai akaleta bidhaa kubwa: West Point.

West Point ilikuwa ngome juu ya mto Hudson, karibu kilometa 80 kaskazini ya New York. Hapo mto unakunja kona, na Wamarekani walikuwa wameulaza mnyororo mkubwa wa chuma kutoka ukingo mpaka ukingo ili meli za Waingereza zisipite. Aliyeshika West Point aliushika mto. Aliyeushika mto angekata nchi vipande viwili. Arnold akataka pauni 20.000 juu ya ngome, silaha na askari wake. Clinton akakubali bei hiyo kama atapata ngome na watu 3.000. Lakini juu ya ile ada ya uhakika, hakukubali 10.000.

Kilichobaki ni Arnold apewe ngome yenyewe. Washington, bila kujua kitu, alitaka kumpa heshima kubwa zaidi: kuongoza upande mzima wa jeshi lake vitani. Alimwambia hivyo akiwaza atafurahi. Uso wa Arnold ukabadilika. Akasema mguu unamsumbua, akaomba West Point. Washington akashangaa, akampa. Ilikuwa mwanzo wa Agosti 1780.

Mara tu alipofika, Arnold akatawanya askari, huku wakikata kuni, kule wakilinda njia, na kazi ya kutengeneza ngome ikalala. Barua moja ya siri ya mwisho wa Agosti ilikaribia kumfichua. Aliikabidhi kwa mjumbe mmoja wa bunge la Connecticut, William Heron, aipeleke New York. Heron akaipeleka kwa Jenerali Samuel Parsons, Mmarekani. Parsons akaisoma, akaona habari za bidhaa na soko, akawaza ni biashara ya magendo tu, akaiweka pembeni. Kwa kweli, nani angeshangaa kusikia Arnold anafanya biashara?

Usiku wa kati ya tarehe 21 na 22 Septemba 1780, watu hao wawili walionana kwa mara ya kwanza tangu kuanza kuandikiana. André, sasa mwenye cheo cha majoro, alipanda mto katika meli ya kivita iliyoitwa Vulture, akashushwa gizani kwenye ukingo karibu na Haverstraw. Waliongea katikati ya miti mpaka mapambazuko yakakaribia. Wapiga kasia wakachoka, wakakataa kumrudisha. André akaenda na Arnold katika nyumba ya Joshua Hett Smith, na asubuhi, kutoka dirishani, wakasikia mizinga: Koloneli James Livingston, kwa akili yake mwenyewe, alikuwa anaipiga Vulture kutoka ng'ambo. Meli ikashuka mto. Sasa kurudi kwa maji hakukuwezekana.

Clinton alikuwa amemkataza André mambo matatu: asiingie ndani ya ulinzi wa adui, asivue nguo za jeshi, asibebe makaratasi. Kisha siku moja akawa ameyavunja yote matatu. Alivaa koti la raia, akatia makaratasi sita ndani ya soksi, hesabu ya askari na mizinga ya ngome pamoja na maneno ya baraza la vita la Washington, akapewa karatasi ya njia yenye jina la John Anderson na sahihi ya Arnold.

Jumamosi tarehe 23, karibu na Tarrytown, vijana watatu wa mgambo wakamsimamisha: John Paulding, Isaac Van Wart na David Williams. Paulding alikuwa amevaa koti la askari wa upande wa adui, na André akadanganyika. Mbele ya kuonyesha karatasi yake, akasema yeye ni ofisa wa Waingereza. Alipotambua kosa, akatoa ile karatasi, lakini wakati ulikuwa umepita. Wakamvua viatu. Paulding, aliyejua kusoma, akayasoma makaratasi na kufahamu kwamba wameshika mpelelezi. André akawaahidi saa yake, farasi, pesa yoyote watakayotaja. Wakakataa. Kuna waliosema baadaye kwamba vijana wale walikuwa wezi wa njia tu waliotaka mali. Inawezekana walianza vile. Hata hivyo hawakumwachilia. Congress ikawapa medali ya fedha na dola 200 kila mwaka.

Hapa kukaingia kichekesho cha huzuni. Luteni-koloneli John Jameson, ofisa wa sehemu ile, aliona jina la Arnold juu ya karatasi ya njia, na hakuweza kuwaza kwamba komanda wake ni mwizi. Akatuma makaratasi kwa Washington, lakini akamwandikia Arnold pia, kwa utii, kwamba mtu mmoja John Anderson amekamatwa. Majoro Benjamin Tallmadge, aliyekuwa anaongoza wapelelezi wa Washington, aliposikia alishika kichwa. Akafaulu kumrudisha André njiani, barua haikurudishwa.

Ikamfikia Arnold asubuhi ya Jumatatu tarehe 25, akiwa mezani na maofisa, wakimngojea Washington aje kula. Akasoma, akapanda juu kumwambia Peggy, akashuka, akasema ana kazi ngomeni, akapanda farasi mpaka mtoni. Akaamuru mashua yake impeleke kwenye Vulture. Alipofika salama, akawatoa wapiga kasia wake wenyewe kuwa wafungwa wa Waingereza. Watu hao walikuwa wamempigia kasia kwa utii bila kujua wanakwenda wapi, na jambo hilo dogo linaonyesha mengi kuliko ile bei ya pauni.

Washington alifika kwa nyumba muda mfupi tu nyuma yake. Makaratasi ya soksi yakamkuta alasiri. Jioni ikaja barua kutoka melini: Arnold alijitetea kwamba amefanya yote kwa kupenda nchi, akaomba bibi yake asiteswe, maana hana kosa. Peggy siku ile alilia, akapiga kelele kama mtu aliyerukwa na akili, akamkumbatia mtoto. Alexander Hamilton na maofisa wengine wakamwonea huruma kabisa. Wakamwachilia aende kwa baba yake.

André naye aliandika. Kutoka kifungoni alimwandikia Washington kutaja jina lake la kweli, si kwa kuomba uhai, alieleza, bali kwa kulinda heshima yake. Majenerali 14, chini ya Nathanael Greene, wakakaa Tappan tarehe 29 Septemba na kumwona kuwa mpelelezi. Barua zikakimbia kati ya makambi mawili: Clinton akaomba arudishwe, Arnold akatisha kwamba akinyongwa, yeye atalipiza juu ya wafungwa wa Kimarekani. Wamarekani wakadokeza kwamba wako tayari kubadilishana, André kwa Arnold. Clinton alimpenda André kama mtoto wake, lakini hakuweza kumtoa mtu aliyekimbilia kwake. Nani angekimbia tena? Barua ya mwisho ya André iliomba apigwe risasi kama askari, asinyongwe kama mwizi. Washington hakuijibu. Tarehe 2 Oktoba André akanyongwa mbele ya umati, na kati ya maofisa kulikuwa waliolia. Alikuwa na miaka 30.

Arnold akalipwa pauni 6.000 pamoja na gharama zake, kwa kuwa ngome haikupatikana. Akapewa cheo cha jenerali wa brigedi katika jeshi la Waingereza na pensheni. Akatoa tangazo la kuwaita askari wa Washington wamfuate. Waliokuja walikuwa wachache. Januari 1781 aliingia Richmond, jimbo la Virginia, na kuchoma. Septemba akachoma New London, mji ulio karibu kabisa na Norwich alikozaliwa, na katika ngome ya Griswold askari wake waliwaua Wamarekani zaidi ya 80, wengi wao wakiwa wamekwisha kusalimu. Kati ya waliokufa na waliolia siku ile kulikuwa watu wa nchi ya utoto wake. Hakuna barua yenye kufuta jambo hilo.

Mwisho wa mwaka ule akasafiri London. Mfalme alimpokea, lakini maofisa wa Kiingereza walimkalia mbali. Wengi walimhesabia kifo cha André. Hakupewa tena jeshi la kuongoza. Alijaribu biashara kule Saint John, Kanada, na watu wakachoma sanamu yake mbele ya nyumba. Akarudi London, akajaribu biashara ya Karibi, akashikwa na Wafaransa kule Guadeloupe mwaka wa 1794 na kutoroka. Alikufa tarehe 14 Juni 1801, akiwa na miaka 60 na madeni mengi. Peggy aliuza vitu vya nyumba na kulipa deni kidogokidogo mpaka alipofariki mwaka wa 1804.

Kwa miaka zaidi ya 100 watu waliamini kwamba mwanamke huyo hakujua kitu. Lakini Clinton alikuwa mtu wa kuweka makaratasi. Barua za namba, majibu ya André, hesabu za malipo, zote zilibaki katika masanduku ya jamaa yake kule Uingereza mpaka miaka ya 1920, wakati William Clements alipozinunua, na baadaye zikafika katika maktaba ya chuo kikuu cha Michigan. Mwandishi Carl Van Doren alizisoma na kutoa kitabu mwaka wa 1941. Ndani yake kuna karatasi zinazoonyesha kwamba barua nyingine zilipitia mikononi mwa Peggy, na kuna malipo ya pauni 350 aliyolipwa yeye mwenyewe na Clinton, kwa kazi aliyoifanya.